Pesa ya Diani Ichangwe Kabla ya Feri

Wiki ya mitihani ikikaribia, katika kila kikundi cha wanafunzi Mombasa kuna mtu ataandika: "Wasee, kichwa kimejaa. Jumamosi twende Diani." Dakika mbili hazijaisha, watu wanane wameshakubali. Hakuna anayeuliza ni pesa ngapi.

Sisi pia tulikuwa wanane, mwaka wa tatu, mwezi wa Machi wenye joto la kukutoa jasho hata ukiwa kivulini. Safari yenyewe si ghali, ndiyo maana tunaipenda. Feri ya Likoni ukivuka kwa miguu hulipi kitu. Ng'ambo unapanda matatu ya Ukunda, halafu tuktuk mpaka ufuoni. Tuliogelea, na maji yalipokupwa tukatembea mchangani mpaka mto Mwachema unapoingia baharini, karibu na Msikiti wa Kongo. Tukala mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Siku nzima hakuna aliyetaja ripoti ya mradi. Tuliihitaji siku ile, na hatutamwambia mwanafunzi yeyote asiende.

Tunachopinga ni lile neno: "Nilipie, nitakutumia."

Siku hiyo alilipa mwenzetu mmoja. Matatu alilipa yeye, maana kondakta hana subira ya kungoja simu nane. Tuktuk, yeye. Samaki, yeye. Sisi wengine kila mara tulikuwa na sababu: netiweki inasumbua, chaji inaisha, tutahesabiana jioni. Yeye alicheka tu. Hatukujua kwamba salio lake liliishia pale kwenye samaki, na nauli ya kuturudisha wote aliilipa kwa mkopo wa simu.

Wiki mbili baadaye watatu kati yetu hatukuwa tumemtumia hata bob. Mamake akamtumia kodi ya chumba. Mkopo wa aina ile haungoji: pesa ikiingia, deni linakatwa kwanza, iwe ni ya kodi au ya unga. Kodi ikapungua, mwenye nyumba akaweka kufuli mlangoni. Mwenzetu hakulalamika, alitoka tu kwenye kikundi. Habari za kufuli tulizipata kwa watu.

Wapo wanaosema marafiki hawahesabiani. Sisi ambao sasa kazi yetu ni kuwaelimisha wateja kuhusu pesa ya simu tunaona kinyume: asiyetaka kuhesabu mara nyingi ni yule anayelipiwa.

Kwa hiyo chagueni mweka hazina, na kila mtu atume mchango wake kufikia Alhamisi. Ada za kutuma na kutoa ziwe ndani ya mchango, zisimwangukie yeye. Nauli ya kurudi kila mtu abaki nayo mfukoni, taslimu, kwa sababu ikifika jioni nusu ya simu zimezima kwa kupiga picha. Na mnapolipa pale ufuoni, jua hufanya skrini isisomeke. Ingia kivulini, soma jina la unayemlipa, ndipo uthibitishe malipo. Muuza madafu atangoja.

La mchango lina ugumu wake, tunajua. Ijumaa usiku kuna ambaye hajatuma. Usimtaje kikundini. Mpigie, umuulize taratibu, huenda hana kabisa. Akiwa hana, wengine waamue hapo hapo kama wanamlipia, na iwe zawadi iliyosemwa wazi, siyo deni la kimya. Wengi wetu tungeona aibu kukiri hivyo mbele ya watu saba. Kwa simu, mtu na rafiki yake, inasemeka.

Mwenzetu tulimlipa mwishoni mwa Aprili, pamoja na makato ya mkopo. Tulipopanga Diani tena mwezi wa Novemba tulimrudisha kikundini tukiwa na wasiwasi kidogo. Mchango wake ndio ulioingia kwanza, Jumatano. Chini yake aliandika: "Na nyinyi?"