Pikapu kuukuu nazo zinahitaji ndondo yao

Kunduchi Pwani, asubuhi samaki wanaposhushwa, gari jipya linateseka. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye matenga, upepo wa bahari unamalizia kazi, na bodi inaliwa kuanzia chini ya milango. Ndiyo maana pikapu za shughuli hiyo nyingi ni za siku nyingi. Fundi bodi anakata palipooza, anachomelea bati, anapiga puti, maisha yanaendelea.

Injini ikifa ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Land Rover 109 inavalishwa injini ya Toyota. Vishikio vya injini vinakatwa na kuundwa upya, shafti inafupishwa au kurefushwa, rejeta kubwa zaidi inatafutwa Gerezani. Likitoka hapo, gari lina sura ya babu na mapafu ya kijana. Mtaani kazi hiyo inaitwa kuungaunga, na jina lenyewe limekaa kama tusi.

Marekani kazi hiyohiyo inaitwa hotirodi, na ni mchezo wenye heshima zake. Nao hawakuanza na pesa. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya V8 kwenye gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Magari hayo yalipochakaa, vijana wa California waliyanunua kwa bei ya kutupa, pikapu zikiwemo, wakang'oa kila kisichosaidia mbio, wakapunguza kimo cha paa, wakachezea kabureta. Halafu wakaanza kukimbizana barabarani, watu wakafa, polisi wakawa moto.

Kilichowaokoa ni uwanja na kanuni. Mwaka 1937 klabu zao za Kusini mwa California ziliungana kuwa chama kimoja kilichosimamia mbio kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka jangwani, mbali na watu. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kinachosimamia mbio fupi za kunyooka mpaka leo. Parks alikuwa mhariri wa jarida la magari. Waandishi wa habari nao huwa wana faida mara mojamoja.

Sasa tazama hapa nyumbani. Kijana wa Kunduchi, Tegeta au Mbagala aliyeunda pikapu yake na anataka kujua inakimbiaje, anajaribia wapi? Jibu linajulikana. Anasubiri usiku, foleni ikiisha, anaingia Barabara ya Bagamoyo au Kilwa, kwenye lami ileile inayopitwa na bodaboda, mama lishe anayerudi nyumbani na mlevi anayevuka bila kutazama. Akinusurika, kesho anasimulia gereji. Asiponusurika, habari yake haiji kwenye kurasa za michezo.

Atatokea mtu wa kusema mbio za magari zipo nchini. Ni kweli zipo. Chama cha Magari, AAT, kinasimamia ubingwa wa taifa wa mbio za magari, na vumbi limetimuliwa Iringa, Morogoro na Bagamoyo. Lakini hiyo ndiyo Ligi Kuu yao. Gari la mbio linaagizwa nje, tairi zake tu zinaweza kummaliza fundi wa Mtongani. Soka lenyewe halikukaa hivyo. Watoto wa Dar walicheza chandimu kwenye vumbi miaka nenda rudi, na Ndondo Cup ilipokuja, mchezaji wa mtaani akapata jezi, mwamuzi, mashabiki waliojaa mpaka juu ya miti, na macho ya makocha wakubwa. Mpira ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni mpangilio.

Magari hayana ndondo. Kuna Ligi Kuu, kisha shimo.

Na historia haiwadai mafundi chochote. Mbio za Safari, zilizoanza 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope ya kumzamisha punda. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba tu, na aliyeshinda ni Nick Nowicki wa Kenya na Peugeot 404. Pikapu ya 404, ndugu wa gari lile la ubingwa, ilikuja kubeba mchicha, samaki na abiria nchi nzima. Leo zilizobaki zinaishia kwenye mizani ya chuma chakavu, kwa kilo, kama sufuria iliyotoboka.

Wenzetu wa Nairobi wana Concours d'Elegance tangu 1970, ambako waamuzi wanachungulia gari la zamani mpaka uvunguni. Arusha nayo ilionyesha kitu Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa mji kwa ajili ya kuwania rekodi ya dunia ya msafara mrefu, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ilipendeza. Ila msafara ni msafara, unatembea na kupunga mkono. Fundi aliyefunga injini ngeni kwenye chesisi ya zamani anataka ashindane, ashindwe, arudi gereji akune kichwa.

Gharama yake si ya kutisha hivyo. Eneo tambarare lililofungwa, mita 400 za kukimbia na nyingine za kutosha kusimamia. Mkaguzi wa breki na usukani kabla ya kupanga mstari, helmeti, mkanda, mtungi wa kuzimia moto, gari la wagonjwa. Daraja moja liwe la pikapu zilizoundwa nchini tu. Anayebadili injini aje na kadi iliyorekebishwa TRA, maana huko ndiko polisi wanakowakamatia wengi. Hata mbio za pikapu zilizopakia mizigo zingefaa. Mwenye samaki wa Kunduchi angekuwa na nafasi nzuri kuliko wa Masaki.

AAT na Baraza la Michezo la Taifa wana mamlaka ya kulianza hili kwa siku moja ya Jumamosi. Viingilio vikiwa vya bei ya ndondo, Kunduchi, Tegeta na Temeke watajaa wenyewe.