Ukame wa Usangu: Tusimsingizie Mungu Peke Yake

Kila nikirudi chuo kutoka likizo, wenzangu chumbani wana swali moja tu: "Vipi, mchele umekuja nao?" Natoka Mbarali, kwa hiyo siwalaumu. Ila mwaka juzi nilirudi mikono mitupu. Mvua zilichelewa, na shamba la mzee liko mkiani mwa mfereji. Maji yalipotufikia, mpunga ulishakuwa wa njano. Ikabidi auze ng'ombe ili nilipe ada.

Nilipowasimulia, mmoja akaniambia, "Pole sana ndugu yangu, ukame ni kazi ya Mungu." Pole niliipokea. Hilo la pili ndilo limenifanya niandike.

Ndugu wanachuo, msimu huohuo majirani zetu walio karibu na banio walivuna. Mvua ni ileile, mto ni uleule. Wa juu walijaza majaruba mpaka maji yakamwagika barabarani, sisi wa chini tukawa tunalinda mfereji mkavu usiku kwa tochi. Huo nao tuuite ukame?

Jambo hili si la Mbarali peke yake. Maji ya Usangu ndiyo yanayoulisha Mto Ruaha Mkuu, na tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Chini zaidi kuna Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Mwaka 2006 mabwawa yaliposhuka, nchi iliingia kwenye mgao mkali wa umeme. Kidole kikaelekezwa kwa wafugaji, na kati ya 2006 na 2007 wengi wakaondolewa Usangu na mifugo yao. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka.

Sisemi mifugo haiharibu, wala sisemi mvua hazijabadilika. Ninachosema ni kwamba maji yaliyopo tunayagawana vibaya. Mifereji mingi ni ya udongo, inavuja njia nzima. Kiangazi mabanio yanabaki wazi hata kama shambani hakuna kitu, kwa sababu vijiji vinachota maji ya kunywa humohumo. Ukitaka banio lifungwe, chimba kwanza kisima kijijini. Kutoza faini bila kisima ni kumwambia mama afe kiu.

Tuna pia kilimo shadidi cha mpunga: unapanda miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, kisha shamba linaloweshwa na kuachwa likauke kwa zamu. Maji yanayotumika ni machache kuliko ya kuzamisha jaruba msimu mzima. Wataalamu wanakuja, wanafundisha, wanaondoka, halafu wanashangaa kwa nini wakulima hawafuati.

Nilimuuliza mzee. Akacheka. "Mwanangu, nikilikausha jaruba leo, nani ananihakikishia maji yatarudi lini?"

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtu asiye na uhakika wa zamu yake hawezi kubana maji. Atayazuia yote yanayopita, maana kesho haijui. Elimu bila zamu inayoheshimiwa haimsaidii. Kwa maoni yangu, zamu zianzie mkiani mwa mfereji, zibandikwe ofisi ya kijiji, na mwenye shamba kubwa azifuate sawa na mwenye robo ekari.

Wengi wetu tutakwenda mafunzo kwa vitendo: wa uhandisi, wa sheria, wa kilimo. Ukipelekwa kwenye skimu, usiishie kupiga picha kwenye banio, ambako maji hayakosekani. Tembea mpaka mwisho wa mfereji, ukae na wazee wa kule, uulize zamu yao ilifika lini mara ya mwisho. Ripoti yako ianzie hapo.

Na mimi nikipata mchele mwaka huu, nitawaletea.