Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: Bamba Linalozama

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

MINT: UFUNGAJI WA MABAMBA YA NAMBARI KWENYE TRELA ZA BOTI

Mkurugenzi Mkuu,

Katika vyombo vyote vya barabarani unavyovisajili, kimoja tu ndicho ambacho kazi yake halisi ni kuingia baharini. Lori likitumbukia majini tunaita ajali. Trela ya boti isipoingia majini haikuwa na haja ya kununuliwa. Huvutwa kwenye lami na vumbi, hurudishwa kinyumenyume ufuoni mpaka magurudumu yamezwe na maji, boti hushuliwa, kisha trela hutoka ikichuruzika chumvi na kurejea barabarani siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa inaingia kinyumenyume, bamba la nambari, ambalo sheria inataka likae nyuma lionekane, ndilo la kwanza kuzama na la mwisho kutoka.

Anayetaka kuona matokeo yake atembee Mtwapa, Kilifi, Watamu au Shimoni. Ataona mabamba yaliyofungwa kwa waya wa kufungia nondo, yaliyoning'inizwa kwa kamba ya nailoni, yaliyobanwa kwa vile vifungo vya plastiki vya mafundi wa umeme. Ataona bamba lililokunjwa ncha ili litoshe kwenye bomba jembamba la fremu. Na ataona trela isiyo na bamba kabisa, kwa sababu mwenyewe amechoka kuliokota na sasa analiweka chini ya kiti cha gari la kuvutia, alichomoe akisimamishwa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina huruma na hayo, na haipaswi kuwa nayo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza Sh10,000 mwenye chombo kisicho na bamba, au chenye bamba ambalo halikufungwa inavyotakiwa. Faini hiyo siipingi. Ninachosema ni kwamba anayeadhibu ufungaji mbaya ana wajibu wa kuonyesha ufungaji mzuri, na kwa trela ya boti ufungaji mzuri si ule wa gari dogo wala wa lori.

Huenda ukajiuliza kwa nini ofisi yako ipoteze muda kwa trela chache za pwani wakati watu wanakufa katika barabara kuu. Jibu liko kwenye herufi ya kwanza ya bamba lenyewe. Trela zote nchini husajiliwa kwa nambari zinazoanza na Z. Ile inayobeba boti ya mvuvi Kilifi na ile inayovutwa na kichwa cha lori kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba zina bamba la aina moja. Kwa hiyo bamba linapong'oka kwenye tuta la Mtwapa na kuokotwa na mtu mwenye nia mbaya, hakuokota nambari ya kigari cha boti. Ameokota bamba halali, lililotengenezwa Kamiti kama mengine yote, linaloweza kukaa nyuma ya kontena la mali ya wizi. Mabamba mapya yaliyozinduliwa Agosti 2022 yalitiwa alama za usalama ili yasiweze kughushiwa. Lakini mhalifu aliyepata bamba la kweli kando ya barabara ana haja gani ya kughushi?

Sasa tuingie gereji.

Adui wa kwanza wa bamba hili ni chumvi. Bamba ni alumini, nyembamba. Mafundi wengi hulifunga kwa bolti ya kawaida ya chuma iliyopakwa zinki kidogo, ile inayong'aa dukani. Baada ya kushua mara chache, zinki imekwisha, kutu imeshika, na kichwa cha bolti kinalia machozi ya rangi ya kahawia juu ya tarakimu. Mwenye trela akigutuka hununua bolti za stenlesi, akiamini amemaliza kazi. Hajamaliza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa na iliyo imara husalia, na hapa iliyo dhaifu ni alumini. Bolti itabaki inameta, ila tundu la bamba litaanza kutafunwa pembezoni, likitoa unga mweupe, mpaka siku moja kichwa cha bolti kipite katikati ya tundu na bamba lianguke likiwa halina hata alama ya kutu. Dawa yake ni rahisi: washa ya plastiki au raba kila upande, na kijibomba chembamba cha plastiki kinachoivisha bolti pale inapopenya, ili stenlesi na alumini visigusane kamwe.

Riveti, ambazo mafundi wetu wanazipenda kwa sababu ni za haraka na mwizi hawezi kuzifungua kwa spana, zina kasoro zake. Nyingi za zile za alumini huacha kipande cha pini ya chuma ndani, na hicho hushika kutu. Tena kichwa cha riveti ni kidogo. Bamba likitikisika sana huchanika na kuiacha riveti mahali pake. Kuhusu skrubu zinazotoboa zenyewe, za kupigilia mabati, ningefurahi zikipigwa marufuku kwenye kazi hii. Zinatoboa fremu iliyochovywa zinki, maji ya bahari yanaingia ndani ya bomba na kukaa humo, na fremu inaanza kuoza kutoka ndani ambako hakuna anayeona. Ukitaka kulishika bomba la fremu, tumia yubolti inayolizunguka bila kulitoboa.

Adui wa pili ni mtikisiko, na huyu nadhani anadharauliwa kuliko chumvi. Trela ya boti hupigwa springi za kubeba uzito wa boti. Ikirudi tupu baada ya kushua, springi hizo ni ngumu mno kwa uzito uliobaki, na trela hurukaruka kwenye kila kokoto. Bamba lililoshikwa na bolti mbili juu, huku chini liko huru, hupepea kwa upepo wa kila lori linalopita. Alumini haivumilii kupindwapindwa. Hupata ufa kwenye tundu, ufa unarefuka, na nusu ya bamba inabaki kwenye trela huku nusu nyingine iko Kikambala. Kwa hiyo bolti ziwe nne, na nyuma ya bamba pawe na ubao wa ukubwa ule ule au zaidi, ili bamba lisipate nafasi ya kupinda. Plaiwudi ya kutengenezea boti iliyopakwa rangi pembe zote inafaa. Plastiki nene ya mapipa ya maji inafaa zaidi, kwani haiozi wala haishiki kutu, na mafundi wa jua kali wanaikata kwa msumeno wa kawaida. Washa ziwe pana. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, loknati, ambazo hazilegei kwa kutikiswa. Matundu yatobolewe mbali na herufi, tarakimu na zile alama za usalama. Gharama ya vyote hivi haifikii Sh3,000 zilizotangazwa kuwa bei ya mabamba mapya yalipozinduliwa.

Yote hayo yanaweza kufanywa na fundi yeyote makini leo jioni bila ruhusa yako. Ninachokuandikia hasa ni jambo la tatu, ambalo linahitaji ofisi yako.

Boti ni ndefu kuliko trela yake. Tezi hutokeza nyuma ya fremu, na mashine iliyoinuliwa hutokeza zaidi, wakati mwingine kwa mita nzima. Bamba lililofungwa kwa uaminifu wote kwenye boriti ya nyuma ya trela, kwa bolti nne na loknati, hufunikwa na mashine hiyo. Askari aliye nyuma haoni nambari wala taa. Dereva wa matatu anayekuja usiku haoni kitu mpaka taa zake zigonge rafadha. Mwenye trela ametii sheria ya kufunga na bado amevunja sheria ya kuonekana.

Wenzetu wenye boti nyingi walishapata ufumbuzi. Uingereza, kwa mfano, watu hutumia ubao mmoja ulio na bamba, taa za nyuma na viakisi mwanga, unaofungwa nyuma kabisa ya boti wakati wa safari. Waya wake mrefu huchomekwa kwenye gari. Ukifika ufuoni, unachomoa waya, unafungua ubao, unauweka ndani ya gari, na trela inaingia majini ikiwa chuma kitupu. Boti ikishashuliwa, ubao ule ule unapachikwa kwenye fremu ya trela kwa safari ya kurudi. Taa haziingii majini, na hiyo si faida ndogo: balbu iliyokuwa ikiwaka njia nzima ikizamishwa kwenye maji baridi huweza kupasuka. Bamba nalo halionji chumvi hata mara moja.

Shida ni kwamba mwenye trela akiutumia ubao huo hapa kwetu yuko mikononi mwa hisia za askari atakayemsimamisha. Mmoja ataona bamba limeshikwa imara kwenye ubao, na ubao umeshikwa imara kwenye boti, ampungie mkono apite. Mwingine atasema bamba liko juu ya boti, si juu ya trela, kwa hiyo halijafungwa, leta elfu kumi. Wote wawili wana hoja. Ndiyo maana neno la mwisho linapaswa kutoka kwako na si kwenye kizuizi cha barabarani.

Najua pingamizi litakalotolewa na wataalamu wako, na ni la haki: bamba linalofunguka kirahisi linahamishika kirahisi. Mtu mwenye trela tatu atasajili moja na kuzungusha ubao. Lakini tuitazame hali ilivyo. Bamba la waya wa nondo linahamishika kirahisi zaidi, na trela iliyoachwa ufuoni usiku kucha, ikisubiri boti irudi na maji kujaa, humpa mwizi muda wote anaoutaka. Ubao unaorudi nyumbani na mwenyewe hauibiki ufuoni. Kuhusu udanganyifu, nambari ya usajili ichorwe au ipigwe muhuri wa chuma kwenye mkono wa trela, pale inapokutana na gari, mahali ambapo askari anaweza kuisoma na kuilinganisha na ubao. Bamba lenyewe lifungwe kwenye ubao moja kwa moja, ncha za bolti zipondwe zisifunguke. Kinachofunguka kiwe ubao tu, kwa pini mbili zenye kufuli. Mkaguzi akitaka kuhakikisha zaidi, nambari ya chasi ipo.

Tena usidhani hili ni jambo la matajiri wanaokwenda kuvua samaki wakubwa Watamu na Malindi. Boti za faiba zimeenea kwa wavuvi wa kawaida, na vikundi vya ufuoni vinashirikiana trela moja kwa boti kadhaa. Bamba la kikundi likipotea, mambo ni haya: polisi kuchukua abstrakti, eCitizen kuomba jingine, kisha kungoja, na siku zote hizo boti inayohitaji kupelekwa kwa fundi haina njia halali ya kutoka ufuoni. Naivasha na Kisumu maji hayana chumvi, kwa hiyo kutu ni ya pole, ila barabara zinazoshuka ziwani zinatikisa vile vile na mashine zinafunika mabamba vile vile.

Ninachokuomba basi kinaweza kutoshea karatasi moja. Toa mwongozo wa michoro, kwa Kiswahili, unaoonyesha bamba la trela ya boti lifungwe kwa bolti ngapi, kwa metali gani, juu ya ubao gani, na lisifunikwe na nini. Sema ndani yake waziwazi kwamba ubao wa kupachika wenye bamba na taa, ukiwa umefungwa imara na unaonekana, ni bamba lililofungwa kisheria. Na kama kanuni za sasa hazikuruhusu kusema hivyo, mpelekee Waziri rasimu ya kuzirekebisha. Nakala moja iende kwa maafisa wa trafiki wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Nakuru na kaunti za Ziwa Victoria. Nyingine iende kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, ambao tayari wanakutana na wenye boti wakija kutafuta leseni; wao wanaweza kuigawa bila gharama yoyote kwako.

Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, boti nyingi ziko nchi kavu na trela zimeegeshwa chini ya miarobaini zikisubiri. Huo ndio msimu ambao mafundi wana nafasi. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Novemba, kila mtu ana haraka ya kushua na hakuna atakayesimama kutoboa ubao. Tafadhali, mwongozo huo utufikie kabla ya hapo.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Mtwapa,
Kaunti ya Kilifi.