Kiatu Kinasa, Mguu Hautoki!

Leo nina neno na nyie mabishoo wa baiskeli za resi, mnaovaa viatu vya mitumba vyenye kichuma chini, vile vinavyonasa kwenye pedeli, kwaa! Mtindo wa bolti mbili Shimano waliuleta mwaka 1990, na mpaka leo unadunda.

Sasa vumbi letu la Ipagala mnalijua. Likichanganyika na jasho, kutu inaingia, thredi zinakwisha, bolti inazunguka bure. Utamu wote unaishia hapo. Unapinda kisigino ili uchomoe mguu, kiatu kinazunguka peke yake, kichuma kinabaki palepale, pedeli haiachii ng'o! Baiskeli inasimama, wewe chali, na nyuma yako lori la barabara ya Dar. Mchezo huo?

Wengine wanakimbilia kuchomelea. Jamani! Moto unayeyusha soli, na kichuma hakisogei tena hata kikikaa upande. Goti ndilo litakalolia.

Mimi namwambia fundi afunue soli ya ndani. Chini yake kuna kibati chenye matundu ya thredi, na mara nyingi kilichokufa ni hicho, kiatu bado kizima. Kitolewe, kiwekwe kingine. Kikikosekana, fundi chuma anakata kipande kama hicho, anatoboa kwa biti ya milimita 4.2, anakata thredi ya M5. Bolti ziwe mpya, na grisi kidogo.

Halafu shika ukuta, nasa na uchomoe mara kumi. Ukikwama hata mara moja, rudi kwa fundi, Chamwino utaenda kesho.