Okot p'Bitek Asivikwe Kilemba cha Ukoka

Tangu mshairi wa Uganda Okot p'Bitek afariki Julai 1982, akiwa na miaka 51, amekuwa akikumbukwa kwa namna mbili. Wapo wanaomkumbuka Okot mcheshi, mtu wa sauti kubwa na ulimi usio na mfupa, aliyependa ngoma na aliyeweza kuwavunja mbavu hata maprofesa mkutanoni. Wapo pia wanaomkumbuka kwa heshima zaidi: Okot mlinzi wa mila, mtetezi wa Afrika ya jadi dhidi ya uzungu. Wote wanasema kwa mapenzi. Hata hivyo naona wote wanamdhulumu, na hawa wa pili ndio wanaomdhulumu zaidi, kwa sababu maneno yao ndiyo yanayofundishwa madarasani.

Dai la ulinzi wa mila limesimama juu ya kitabu kimoja, Song of Lawino, kilichotoka mwaka 1966 na ambacho Paul Sozigwa alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 1975 kikaitwa Wimbo wa Lawino. Lawino, mke asiyekwenda shule, anamsuta mumewe Ocol, msomi anayewaonea haya watu wake na aliyemfuata Clementine, mwanamke wa poda na rangi ya mdomo. Hapo darasa hufunga hesabu: Lawino ni mila, Ocol ni usasa, na mwandishi yuko upande wa Lawino. Ile methali ya boga lisilopaswa kung'olewa kwenye boma la zamani inatajwa, mwanafunzi anapata alama zake, na mjadala umekwisha.

Tatizo ni kwamba miaka 13 kabla ya Lawino, mwaka 1953, Okot alikuwa amechapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Kijana wa riwaya hiyo anataka kuoa lakini mahari yanamshinda. Anaondoka kwao kwenda Kampala na Jinja kutafuta kazi, anadunduliza senti zake, na akiwa njiani kurudi anaibiwa. Anafika nyumbani mikono mitupu. Kitabu chake cha kwanza, basi, alichokiandika kwa lugha ya nyumbani ili watu wa nyumbani wakisome, kilikuwa mashtaka dhidi ya desturi ya nyumbani. Na mwaka 1971, katika Song of Malaya, msemaji wake ni kahaba anayewajibu wanaume wanaomlaani mchana na kumbishia hodi usiku. Sijui mzee gani wa mila angempa mwanamke huyo nafasi ya kuzungumza, tena bila kumkatiza.

Hata Lawino mwenyewe hasemi tunachomsemea. Anakiri kwamba mambo ya wageni hayaelewi, na anasema pia kwamba hayadharau. Anachodai ni kwamba Ocol naye asiyadharau ya kwao. Hilo ni dai la usawa. Kulisoma kama wito wa kurudi kijijini ni kumziba mdomo.

Sehemu ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya vyama, ambayo madarasa mengi huipita haraka. Ocol ni kiongozi wa Democratic Party, ndugu yake yuko katika chama cha Congress, na watu waliotoka tumbo moja sasa hawaketi pamoja. Lawino hajui ilani za vyama. Anachokiona ni kwamba uhuru umekuja, wakubwa wanagombea minofu, na njaa na maradhi viko palepale. Kitabu hiki kilitoka mwaka uleule ambao Milton Obote aliisimamisha katiba ya Uganda na jeshi likalivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Mwaka huohuo Okot alipewa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Taifa jijini Kampala. Hakudumu: alipishana na serikali, akapoteza kazi, akahamia Kenya, na miaka yake mingi iliyobaki akaiishi nje ya nchi yake. Msifu ngoma na vibuyu haogopwi na serikali yoyote. Serikali hupenda ngoma, huzipanga uwanjani siku ya sherehe. Anayeogopwa ni yule anayeuliza mbele ya watu, huku wakicheka, ni nani aliyeshiba tangu bendera ibadilishwe.

Kicheko hicho kilikuwa na shabaha. Okot alizaliwa Gulu, mama yake akiwa mwimbaji stadi, na nyimbo za Waacholi alizozikusanya katika Horn of My Love mwaka 1974 zinaonyesha alikojifunza kwamba wimbo unaweza kumsuta mtu hadharani. Aliichukua kazi hiyo ya wimbo na kuipeleka bungeni, kanisani na chuo kikuu. Katika Song of Ocol, jibu la mume lililotoka mwaka 1970, Ocol anatishia kuulipua Kilimanjaro, kuwakamata washairi wa vijijini na kuwapeleka kwenye kitanzi maprofesa wa anthropolojia. Okot alikuwa mshairi, na anthropolojia aliisoma Oxford. Shingo yake mwenyewe aliiweka kwenye orodha ya Ocol.

Huko Oxford alimsikia mhadhiri akiwaita Waafrika washenzi, akapinga, asisikilizwe. Mtu mwingine angerudi na uchungu dhidi ya Wazungu peke yao. Okot, katika African Religions in Western Scholarship, aliwageukia pia Waafrika wenzake, akina John Mbiti na Jomo Kenyatta, kwamba wameivika miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ionekane ya heshima mbele ya wasomi wa Ulaya. Vitabu alivyovishambulia viliandikwa kumtetea Mwafrika, na mlinzi wa mila angevipokea kwa vigelegele. Yeye alihoji kwa nini utetezi wenyewe ukubali mizani ya mshtaki.

Kuna shutuma moja dhidi yake ambayo siikwepi. Lawino anaukejeli mwili wa Clementine kwa ukatili, anautetea uke wenza, na maneno hayo yote ametiwa kinywani na mwanamume. Mwanamke anayeusoma utenzi huu leo ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayenufaika na subira ya Lawino jikoni. Ila mwenye kuuliza hivyo anamheshimu Okot kuliko wanaomsifu tu, maana amemchukulia kama mtu mwenye hoja inayoweza kushindwa. Okot alizoea kujibiwa. Mwandishi mwenzake Taban lo Liyong alikidunisha kitabu cha Lawino mapema, kisha miaka mingi baadaye akakifasiri upya kutoka Kiacholi, akakitoa mwaka 2001 kwa jina The Defence of Lawino. Ugomvi huo wa miaka zaidi ya 30 umemtunza Okot kuliko sifa za kumbukizi.

Miaka minne baada ya kifo chake vita vilianza nchini mwa Waacholi. Kabla havijaisha, watu zaidi ya milioni 1 kaskazini mwa Uganda walikuwa wameng'olewa majumbani na kurundikwa kambini, mbali na mashamba yao. Simfanyi Okot nabii. Nasema tu kwamba msomaji aliyefundishwa kuwa Lawino analilia mapambo na chakula cha zamani hakuwa na kitu mkononi cha kuelewa yaliyotokea, ilhali aliyesoma zile kurasa za ndugu wanaochukiana kwa ajili ya vyama alikuwa nacho.

Kwa hiyo mwalimu atakayemfundisha Lawino muhula ujao aanzie kwenye vyama, kabla ya boga na kabla ya Clementine. Baada ya hapo awasimulie wanafunzi kisa cha kijana wa Lak Tar na mahari yake, kisha awaulize kama bado wanaona Okot aliandika ili mila zisiguswe. Na atakayesimama darasani kumpinga Lawino kuhusu uke wenza asikatwe alama.