Wazee wa Jeshi na Makadeti

Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802, kila kundi la makadeti hupewa walezi waliohitimu hapo miaka 50 kabla yake. Wazee hao hujitolea. Mafunzo ya kwanza yaishapo, baadhi yao hutembea na vijana zaidi ya maili 10 kurudi chuoni. Na wakati wa kuhitimu huwakabidhi alama za cheo cha Luteni Usu.

Twaona jambo hili lawafaa wanajeshi wetu, na polisi pia. Mkufunzi humfundisha kadeti bunduki na gwaride. Lakini nani atamweleza namna ya kumpelekea mjane habari ya kifo cha mumewe, au kumkanya sajini aliye rika la babaye pasipo kumvunjia heshima? Hayo anayajua ofisa mstaafu, ambaye aghalabu yuko kijijini na ng'ombe wake, wala hakuna amwitaye.

Lakini mlezi asigeuke mlango wa nyuma. Akimwombea kijana alama au kituo kizuri, au akitafuta wa kabila lake tu, heri abaki na ng'ombe wake. Mkuu wa chuo ndiye ampangie vijana. Makamanda na waanze kwa kuwaandikia wastaafu walio jirani na vyuo.