Irabu za Mwili: Kwa Nini Tuisome Saratani kwa Kiswahili

Mtoto wa Lamu, kabla hajafika shule ya serikali, hufundishwa chuoni mambo mawili ambayo hayasahau maishani. La kwanza ni kwamba nukta ni kitu kikubwa: ba ikihamishiwa nukta yake juu na kuongezwa ya pili, si ba tena, imekuwa ta. La pili ni kwamba herufi zaweza kukaa vile vile, zisiguswe hata moja, na maana ikageuka kwa sababu ya irabu tu. Andika kaf, ta na ba. Zitie fataha zote, utasoma kwamba mtu aliandika. Badilisha irabu mbili, utasoma kwamba kitu kimeandikwa. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka kidole juu ya ubao, akanyamaza, na aliyekosea alijua kwamba amekosea.

Sikutarajia kwamba somo hilo lingenirudia katika umri wa utu uzima kwa njia ya saratani.

Miaka michache iliyopita mama yangu mdogo alianza kuchoka bila ya sababu na kutokwa na madoa ya damu chini ya ngozi. Alivuka kwa mashua hadi Mokowe, akapanda basi la Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300, akarudi na karatasi mbili za Kiingereza. Katika hospitali aliyokwenda, ambayo sina haja ya kuitaja, alikuwa ameambiwa tu kwamba damu yake “ina matatizo”. Jioni ile jamaa walinikabidhi karatasi zile. “Wewe si ni daktari?” aliniuliza mjomba. “Hebu tusomee.” Naam, mimi ni daktari, lakini ni daktari wa lugha. Niliweza kulitamka kila neno lililoandikwa pale, na sikuweza kuwaeleza lolote la maana. Mgonjwa mwenyewe alikwisha kufikia uamuzi wake: damu yake ilikuwa chafu, na uchafu ule ulikuwa malipo ya jambo alilolitenda. Alikufa miezi mitano baadaye akiwa bado anajiuliza ni jambo gani.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejitwika kazi ya kusoma nisichosomea. Katika kusoma huko nimekutana na tawi moja la elimu ya saratani ambalo, kwa maoni yangu, laweza kuelezwa kwa Kiswahili vizuri kuliko linavyoelezwa kwa Kiingereza. Ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kisha nitoe shauri langu kwa walimu na wanafunzi.

Ndani ya kila seli ya mwili, isipokuwa chache kama seli nyekundu za damu zilizokomaa, mna DNA. Tuifananishe na msahafu mkuu uliofungiwa sandukuni: hautolewi nje. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, hunakili ukurasa mmoja tu, na nakala hiyo ndiyo iitwayo RNA. Nakala hutoka sandukuni, husomwa, na protini hutengenezwa kwa mujibu wa maneno yake. Watu wa Siu, kisiwani Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 walikuwako wanakili mashuhuri wa misahafu, wasingepata taabu kuuelewa utaratibu huu.

Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba saratani ni ugonjwa wa msahafu wenyewe. Moshi wa tumbaku, miali ya jua, baadhi ya virusi, au makosa ya kawaida ya seli inapogawanyika, huweza kuharibu herufi za DNA. Na makosa yakijumlika, seli husahau kikomo chake na kuzaana ovyo. Hilo ni kweli, na linabaki kuwa kweli. Ni kosa la nukta: ba imekuwa ta.

Lakini wanasayansi wamegundua kwamba nakala nayo ina irabu zake. Seli hubandika alama ndogo ndogo za kikemia juu ya herufi za RNA, na aina zaidi ya 150 za alama hizo zimekwisha kujulikana. Iliyo nyingi zaidi ndani ya RNA inayobeba ujumbe wa protini huitwa m6A: kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, kinachobandikwa juu ya herufi ya adenini. Adenini inabaki kuwa adenini. Kinachobadilika ni hatima ya ujumbe: nakala ikae muda gani kabla ya kuharibiwa, isomwe mara nyingi au chache, ikatwe na kuungwa vipi.

Alama hii ilionekana katika RNA ya wanyama mwaka 1974, ikaachwa kando kwa miaka mingi kwa kukosa vyombo vya kuichunguzia. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba kimeng'enya kiitwacho FTO chaweza kuifuta. Kinachofutika huwa kinatawaliwa, na hapo utafiti ukapamba moto. Leo wataalamu wenyewe huzungumza kama watu wa chuo: wako “waandishi”, yaani vimeng'enya vinavyotia alama, kama METTL3 na mwenzake METTL14; wako “wafutaji”, kama FTO; na wako “wasomaji”, protini zinazoitambua alama na kutenda inavyoagiza.

Saratani inaingia hapo. Mwaka 2017 makundi ya watafiti yalionyesha kwamba katika aina moja kali ya saratani ya damu, ile iitwayo lukemia kali ya mieloidi, mwandishi METTL3 hupatikana kwa wingi kupita kiasi, na seli za ugonjwa huo humtegemea. Akipunguzwa, seli huacha kuzaana ovyo na nyingi hufa. Mwaka huo huo ikaonekana kwamba mfutaji FTO naye huuchochea ugonjwa huo katika baadhi ya wagonjwa. Msomaji makini atauliza: inakuwaje mwandishi na mfutaji wote wawili wawe na hatia? Jibu analo kila aliyepata kusahihisha kazi ya mwanafunzi. Irabu iliyotiwa pasipo mahali pake huharibu maana, na iliyofutwa mahali pake huiharibu vile vile. Tena katika saratani nyingine METTL3 huonekana kama kizuizi badala ya kichocheo. Hakuna alama mbaya kwa asili yake. Ubaya uko katika neno gani, mahali gani, na wakati gani.

Wala habari hii si ya mbali nasi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika ya Mashariki. Ni kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London kutoka Uganda ndipo mwaka 1964 kilipogunduliwa kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watu wengi duniani wanacho na hawaugui saratani. Kwa watoto wetu, malaria ya mara kwa mara ni miongoni mwa mambo yanayokipa nguvu. Mwaka 2019 utafiti wa maabara ulionyesha kwamba kirusi hicho huutumia mfumo huu wa irabu, kupitia METTL14, kujiimarisha ndani ya seli kilizoziingia. Ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza kwa kuwatazama watoto wetu unaelezwa leo kwa elimu ambayo watoto wetu hawafundishwi kwa lugha yao.

Lipo na la kutia moyo. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba kemikali inayomzuia METTL3 ilipunguza kasi ya saratani hiyo ya damu katika panya, na mwaka 2022 dawa ya aina hiyo ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa. Bado ni majaribio. Asije mtu akauziwa chupa sokoni kwa jina hilo. Na mwaka 2023 Katalin Karikó na Drew Weissman walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba kubadilisha herufi moja ya RNA kikemia huufanya mwili uipokee bila ya kupigana nayo, ugunduzi uliowezesha chanjo za RNA za korona.

Sasa nije kwenye shauri langu. Wapo wanaosema kwamba mambo kama haya hayasemeki kwa Kiswahili. Mimi nasema yanasemeka, ila tumekuwa wavivu wa kuchagua maneno. Tukisema “marekebisho ya RNA” tunapotosha, kwani kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika, na hapa hakuna aliyeharibu kwanza. Tukisema “mabadiliko” tunalichanganya na badiliko la herufi za DNA, ambalo ni jambo jingine kabisa. Napendekeza tuseme irabu za RNA. Neno hilo, ambalo vitabu vya sarufi hulitumia kwa a, e, i, o na u, lilitujia pamoja na alama za maandishi ya Kiarabu: alama isiyogusa herufi bali inayoamua itasomwaje. Mtoto wa Faza au Kizingitini ataielewa tofauti ya nukta na irabu kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Najua nitajibiwa kwamba mwanafunzi wa Kenya hutahiniwa sayansi kwa Kiingereza, na kwamba vitabu vya utafiti viko kwa lugha hiyo. Sina ugomvi na hayo. Mimi mwenyewe nimeyasoma haya yote kwa Kiingereza. Lakini daktari atakayehitimu atakwenda kuzungumza na nani? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Siku hizi mgonjwa huweza kuombwa atie sahihi akubali kuingizwa katika majaribio ya dawa. Sahihi ya mtu asiyeelewa alichokubali ina thamani gani?

Kwa hiyo nawaomba walimu wa biolojia na wa Kiswahili, walio katika shule moja na aghalabu katika chumba kimoja cha walimu, waketi pamoja japo saa moja kwa muhula, wachague mada moja na kuiandikia maelezo ya ukurasa mmoja yatakayoeleweka na bibi wa mwanafunzi. Na mwanafunzi aupeleke ukurasa huo nyumbani, amsomee bibi, kisha arudi na maswali ya bibi darasani. Hilo halihitaji fedha wala kibali cha wizara.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mama yangu mdogo hakuficha maradhi yake. Alivuka bahari kuyatafutia jina, akapewa jina asilolielewa. Lau ningalijua wakati ule ninayoyajua leo, nisingaliweza kumponya. Ningalimwambia tu kwamba damu yake haikuwa chafu. Kwamba ndani yake ujumbe ulikuwa ukisomwa vibaya, na kwamba hakuna dhambi aliyoitenda hata usomwe hivyo.